Hotuba ya Mama Mwenyekiti Siku ya Kuzindua Paa Sitini na Nne

Mheshimiwa Mlinzi wa Ukumbi, mwenye ufunguo. Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Viti. Waheshimiwa wenye nyumba wa mtaa wa juu na wa mtaa wa bondeni. Wapangaji, ambao hamkualikwa ila mkishakuja mmekuja. Baba watoto wangu, uliyekaa karibu na mlango ili utoroke mapema, nakuona. Mwalimu Ngeli, mstaafu, uliyetufundisha sarufi sote humu ndani, hata mimi niliyeishia darasa la saba. Fundi Ngazi, ambaye kamati haikukualika na ilikuwa kwa makusudi. Bibi Kona wa nyumba ya kwenye kona, mgeni wetu rasmi. Na wewe kitindamimba wangu, mwenye cheti cha kompyuta, simama wakuone. Simama, mama. Geuka kidogo. (Makofi.) Geuka tena, wa nyuma hawakukuona vizuri. (Makofi machache.) Itifaki yote imezingatiwa.

Mimi, kwa nafasi yangu ya Mwenyekiti wa Kamati Kuu Shirikishi ya Uezekaji Endelevu, nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ambao watu wengi wameusifu, ili kutoa taarifa ya kimkakati, kimchakato na kimatokeo kuhusu hali ya mapaa yetu, mapaa ya vigae vya lami, hivi vyembamba vyeusi vyenye changarawe ambavyo vilipokuwa vipya tuliwaringia watu navyo na leo vimejikunja kama vitumbua vilivyosahauliwa jikoni. Kwa mujibu wa utafiti wa kina, nilioufanya mwenyewe kwa miguu nikienda sokoni na kurudi, asilimia mia moja na nne ya nyumba zetu zinavuja, na hiyo nne ya ziada ni banda la kuku la fundi cherehani. (Kicheko. Fundi cherehani: “Kuku wenyewe hawalalamiki!”) Hawajapewa fomu.

Sasa, ndugu wadau, mtakumbuka kwamba Fundi Ngazi alipita nyumba kwa nyumba na tepu yake na penseli sikioni, akatuletea kitu anachokiita makadirio. Nitawasomea, mcheke kidogo. Eti paa halipimwi kwa ukubwa wa sakafu, linapimwa kwa mteremko wake, na likiwa limesimama sana vigae vinaongezeka, mafundi wanafungwa kamba viunoni, na bei inapanda nao. Eti vigae vya zamani vibanduliwe kwanza, na nyumba iliyovishwa tabaka mbili, kama yangu, inavuliwa mara mbili, na lori la kubeba taka linalipiwa. Eti mbao zilizooza hazionekani mpaka ufunue, kwa hiyo kila mwenye nyumba aweke cha pembeni kwa ajili ya atakayoyakuta. Eti kuna karatasi ya lami ya kutandika chini, kuna mabati ya kuziba kandokando ya bomba la moshi, kuna kofia za kufunika mgongo wa paa, kuna misumari, kuna mabunda ya akiba kwa vitakavyovunjika, na ukijumlisha yote hayo na ujira, kigae chenyewe wala si nusu ya gharama. Eti tuchukue makadirio kwa mafundi watatu, yaandikwe, tusilipe yote kabla ya kazi. Na la kuchekesha kuliko yote: eti mtu asibomoe paa la zamani mpaka vigae vipya vimeshushwa uani kwake, amevihesabu kwa macho yake. (Kicheko.) Tukamwuliza, jumla? Akaitaja. Baba watoto wangu akakaa chini, na pale hapakuwa na kiti. (Kicheko kirefu.)

(Fundi Ngazi: “Lakini ndiyo bei yake, mama!”)

Fundi, maswali yatakuja wakati wa maswali, ambao haupo kwenye ratiba.

Kamati haikulala. Kamati ilikaa sebuleni kwangu vikao kumi na viwili, kwenye lile kochi langu jeusi mlilolisifu wote, na leo kwa uwazi na uwajibikaji natangaza kuwa lile si kochi, ni mabunda thelathini ya vigae vya lami, vipya, nilivyonunuliwa na kitindamimba kwa mshahara wake wa kwanza, tena bila kuombwa, nikavifunika vitambaa vya kufuma. (Mshangao. Sauti: “Ndiyo maana lilikuwa gumu!”) Ni nusu ya paa langu. Mtoto wa nani mwingine hapa amemnunulia mama yake nusu ya paa? Nauliza tu. Basi.

Ni huyohuyo aliyetuandikia barua ya kuomba ufadhili. Nilimwambia, mwanangu, wakubwa hawana muda, andika kwa kifupi. Akaandika: “Tunaomba paa sitini na nne.” Hakuna neno la kupunguza! Nikaipeleka mwenyewe kwenye jengo la serikali lenye ghorofa tano, na kwa kuwa dirisha la ujenzi lilikuwa na foleni inayofika barabarani, nilitumia mbinu ya kisasa ya menejimenti, nikaenda dirisha lisilo na mtu hata mmoja. Karani akaisoma mara mbili, akaniangalia, akauliza, “Mna eneo la kutosha, mama?” Nikamwambia tuna mtaa mzima. Akagonga muhuri. (Makofi ya nguvu. Sauti: “Paa!” Ukumbi: “Juuu!”)

Na majibu yamekuja! Hii hapa barua, na maelezo ya kitaalamu yaliyomo ni ya teknolojia ambayo Fundi Ngazi hajaiona hata ndotoni. Mosi, tutapewa mawili kwanza kwa majaribio, halafu barua inasema yataongezeka yenyewe mwaka hadi mwaka. (Miguno ya kustaajabu.) Pili, ni ya dume na jike, na msicheke nyie vijana, hiyo ni namna ya kuunganisha, waulizeni mafundi bomba. Tatu, yanakula majani, maana yake ule uchafu wote wa miti unaoziba mifereji yetu kila mwaka, paa linaumaliza lenyewe. (Makofi.) Nne, yasishtushwe, yakishtuka yanaruka, na hilo ni suala la upepo, kila paa lina kasoro yake. Tano, tuzungushe uzio wa mita mbili. Hapo ndipo kamati ilipojiuliza, uzio wa nini, lakini mfadhili haulizwi.

Kwa kujiamini huko, Jumatatu kamati ilimwelekeza Bibi Kona, ambaye ameshahamisha kitanda mara tatu kukimbia matone, abomoe paa lake awe wa kwanza kuezekewa, na mama wa watu akabomoa. Leo analala chini ya turubai kama mzigo wa karafuu, kwa imani yake kwangu. Mpigieni makofi. (Makofi. Bibi Kona: “Mwanangu, mapaa yanafika lini? Lile turubai lina tundu.”) Yako njiani, mama yangu. Yako nji…

(Tone moja laanguka kutoka darini juu ya hotuba. La pili. Mlinzi wa Ukumbi aleta ndoo.)

Naomba utulivu. Haya ni manyunyu. Unasemaje, Mwalimu Ngeli? Uione barua? Karibu, uone pia masahihisho yangu, maana karani yule sarufi yake ilikuwa mbovu mno, kila mahali ameandika “wa” pasipostahili, nami nikamrekebishia kwa peni nyekundu kama ulivyonifundisha. Isome basi, kwa sauti.

(Mwalimu Ngeli asoma: “Paa mtakaowapokea ni wawili kwa kuanzia, dume na jike, nao wataongezeka. Hula majani. Wasishtushwe.” Avua miwani. “Mwanafunzi wangu, karani hakukosea hata herufi. Hawa wana miguu minne. Hawa ni paa, ndugu zake swala.”)

(Ndoo yasikika: to. To.)

Mwalimu, una hakika? Muhuri unasemaje? “Idara ya Wanyamapori.” Ahaa.

(Kicheko kinaanzia kwa wapangaji. Fundi Ngazi: “Mama Mwenyekiti, hao sina makadirio yao!” Ukumbi wavunjika mbavu. Mvua yaongezeka juu ya bati. Bibi Kona hacheki, anatazama dirishani upande wa kona.)

Chekeni. Mkimaliza mniambie. Usilie, kitindamimba wangu, barua yako ilikuwa nzuri, ilipungukiwa neno moja tu, nami ndiye niliyekwambia ufupishe. Kaa wima, bado wanakuangalia.

Bibi Kona, mama yangu. Usiangalie dirishani, niangalie mimi. Fundi alikwambia usibomoe, mimi nikakwambia bomoa, na ukanisikiliza mimi kwa sababu nina maikrofoni. Fundi Ngazi, njoo mbele. Njoo, baba, nakualika rasmi, iandikwe kwenye kumbukumbu. Nyumba ya Bibi Kona ni chumba na ukumbi. Mabunda thelathini yanatosha? (Fundi Ngazi: “Yanatosha, na mawili yanabaki. Lakini vigae havipigiliwi mvua ikinyesha, mama. Leo tuzibe kwa turubai zima, ikikatika tu napanda.”) Umesikia, kitindamimba? Kochi limeondoka. Unaniruhusu? (Binti aitikia kwa kichwa, akifuta machozi.) Mmemwona? Mtoto wa nani mwingine? Na usiku huu Bibi Kona analala kwangu, chumba cha baba watoto, yeye atajua pa kwenda. (Baba watoto: “Nishajua.”)

Kwa hayo machache, naomba tuhitimishe kwa kaulimbiu ya mradi. Paa! (Ukumbi: “Wanakula majaniii!”) Paa! (“Dume na jikeee!”) Paa! (Bibi Kona, peke yake, kwa sauti nyembamba: “Juu.”)

Nawashukuru nyote kwa kuhudhuria kwa wingi uzinduzi wa mradi ambao, kama mlivyosikia wenyewe, haukuwahi kuwepo hata siku moja, ila kamati yake ilikuwepo na ilifanya kazi. Wale wawili wakiletwa, wapokeeni kwa heshima na mabua kidogo, hawana kosa, wao wameitwa. Mengine yote aliyosema Fundi kuhusu gharama, yaandikeni kama alivyoyasema, na zile “eti” zangu zifutwe. Sasa kila mwenye bega apite kwangu achukue turubai la gari la baba watoto twende kwenye kona. Hapana, msinisubiri nitangulie kama mwenyekiti, tangulieni tu. Mvua haijui itifaki.