Kompyuta Iliyogoma na Mlango Uliofungwa

Jumatatu, 3 Februari
Wewe Sunnvá, unayenisomea shajara kila ukija na kudhani sijui, haya, soma! Tangu Ólavsøka, sikukuu yetu ya Julai, hujakanyaga hapa kisiwani. Miezi sita! Kondoo wa mlimani nawaona mara nyingi kuliko mjukuu wangu. Leo nimekupigia huko Kopenhagen, nikasema kompyuta haiwaki. Uongo mtupu, inawaka vizuri. Ukaniambia, Bibi, nisomee kilichoandikwa kwenye kioo. Nikakwama. Shule sikuisogelea. Marehemu babu yako alinifundisha herufi kwenye magunia ya unga, uongo wa kompyuta hakunifundisha. Nikakata simu.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata! Kompyuta yenyewe imeandika: inajisasisha, usizime. Nani wa kuniamuru ndani ya nyumba yangu? Nikang'oa waya. Nilipourudisha, kioo cheusi, maandishi meupe: mfumo umeshindwa kuwaka. Safi! Nikakusomea neno kwa neno. Ukaguna, ukasema utakuja kuitengeneza, labda Pasaka. Pasaka!

Jumatano, 5 Februari
Balaa limeingia, jina lake Heðin. Jirani, mvuvi mstaafu, mjuaji wa kila kitu. Aliingia bila kubisha, kama sote tufanyavyo hapa, akaona kioo, akasugua mikono. Akasema kesho analeta flashi yenye mfumo mzima ndani; anaichomeka, nusu saa, kompyuta imepona. Nikamwambia akaanze na suruali yake iliyochanika. Akajibu kwamba ingekuwa imeshashonwa zamani, kama mtu fulani asingekuwa na roho ngumu. Hana haya! Akiitengeneza yeye, wewe utakuja kufanya nini?

Alhamisi, 6 Februari
Nimefunga mlango kwa ufunguo. Miaka sitini na miwili katika nyumba hii, mara ya kwanza! Ufunguo ulikuwa chini ya kopo la vifungo, una kutu, nikaupaka mafuta ya kondoo. Heðin akaja. Akatikisa kitasa. Akaita jina langu, mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya tatu taratibu. Nikakaa kimya, sufu mapajani. Simu ikalia, ikalia tena. Sikugusa. Ushindi! Jioni nikala nyama kavu na viazi peke yangu. Haikuwa na ladha. Chumvi, labda.

Ijumaa, 7 Februari
Kishindo! Mlango chini, na Heðin juu yake na mtaimbo mkononi. Nyuma yake mchungaji wa kanisa na nusu ya kijiji. Kumbe hapa kwetu mlango uliofungwa una maana moja tu: aliye ndani amekufa. Akanikuta nafuma soksi. Akakaa sakafuni, akalia. Mwanamume mzima! Kisha akaniita kizee asiye na huruma. Nikamwita mvunja nyumba. Nikamchemshia kahawa. Ndipo aliposema alikupigia jana, na kwamba tayari uko njiani.

Jumamosi, 8 Februari
Ulikuja! Ndege ilizunguka juu ya ukungu mara mbili, wewe ukaingia na uso mweupe kama jibini. Ukanikumbatia hadi mbavu zikalia. Nilijisikia vibaya. Kidogo. Ukachomeka flashi ya Heðin, ukachagua kukarabati, si kufuta, ili picha za babu yako zisipotee. Tukasubiri, kichwa chako begani kwangu. Ukauliza kama niling'oa waya makusudi. Nikasema ni panya. Mfumo ukawaka. Haraka ya nini, jamani?

Jumatatu, 10 Februari
Umeondoka asubuhi. Umeniapisha: nisizime kompyuta ikijisasisha, nisifunge mlango tena. Nimeapa, mkono juu ya Biblia. Heðin, naye, kaleta mlango mpya, na kitasa kinachong'aa, na funguo mbili. Nimemshonea suruali. Funguo nimezijaribu zote. Zinazunguka bila hata mafuta!

Kwa hiyo ukija mwezi ujao na kukuta pamefungwa, usilie, wala usiite mchungaji. Zunguka nyuma, dirisha la jikoni nitaliacha wazi. Panda, ingia. Na uvue viatu.