Miguu ya Mashine ya Santuri

Nimefedheheka leo, jamaa zangu, na sijui nianze kumlaumu nani. Nimempigia ukelele shangazi yangu, Bi Time, mbele ya mke wangu na majirani: "Tema! Tema shangazi! Unakula miguu ya mashine!" Bibi wa watu mdomo umejaa halua, kanitazama kama mtu aliyepandwa na shetani.

Ngojeni nirudi nyuma.

Marehemu baba aliimba kwenye kikundi cha harusi, wakamrekodi santuri moja. Moja tu. Shangazi yuko kisiwani Kojani, hajaisikia sauti ya kaka yake tangu tulipomzika. Kaniletea salamu: "Nakuja kumsikia." Mashine ninayo, lakini kitako chake kimeoza, basi nikaunda kipya mwenyewe. (Mie niliishia darasa la nne, lakini msumeno haukuulizi cheti.)

Balaa ni mtetemo. Mke wangu Mwanaisha akitwanga jikoni, sindano inaruka sebuleni. Nikaweka ubao wa mfenesi, mzito, tumeubeba watu wawili. Ikaruka. Nikakata malapa ya mpira nikatia chini ya ubao. Ikaruka zaidi! Nikaenda kwa fundi redio, Makame. Likamateni hilo jina.

"Ubao mgumu unaupitisha mtetemo, malapa yanaurudisha," kasema. "Tafuta kitu kizito, laini, ukikibonyeza kinarudi polepole. Hicho kitaumeza."

"Kitu gani hicho?"

"We tafuta tu, bwana!"

Siku tatu nabonyeza. Nimebonyeza godoro, nimebonyeza sabuni, nimebonyeza hata shavu langu. Leo asubuhi nikapita sokoni Wete, muuza halua akanikatia kipande nionje. Nikakibonyeza. Kikarudi polepole. Lo!

Nikanunua vikapu vinne vidogo vya halua, nikavipaka mafuta ya taa kwa nje kuzuia sisimizi, nikavisokomeza chini ya ubao, kila pembe kimoja. Nikamwambia Mwanaisha atwange. Katwanga mpaka kuta zinalia. Sindano tuli! Siri sikumwambia. (Angejua nimekalisha mashine juu ya chakula, angenisimanga mpaka magharibi.) Nikaenda pwani kumpokea shangazi.

Sasa, kwetu mgeni haketi bila kahawa na halua. Tumerudi, majirani wawili wameingia, Mwanaisha kaleta kisinia. Na mie nikala! Nikasifu! Shangazi akasema, "Halua ya Wete siku hizi ina harufu ya kandili." Nikacheka. (Mpumbavu mie.)

Nikaweka santuri. Sauti ya baba ikatoka. Shangazi machozi yakamshuka, akapiga meza kwa kiganja: "Kaka yangu!" Meza ikatikisika, sindano ikaruka, kraaa! Ikaichimba santuri. Nikainama kutazama chini ya ubao. Vifuu vinne vya nazi! Nikageuka, nikakiona kile kisinia, ndipo nikapiga ule ukelele.

"Nimeona umenificha halua na mgeni yuko njiani," kasema Mwanaisha. "Nikaitoa, nikatia vifuu mashine isilale upande. Kosa langu nini?"

Nikampigia simu Makame.

"Kwani mie nilikutajia halua?" Akakata.

Mie nimeanguka mkarafuu mara mbili, nimezama na mashua mara moja, nikatoka mzima na nikajua kilichonipata. Ya leo siyaelewi. Halua ilifanya kazi, wallahi ilifanya kazi! Na baba sasa anaimba "usinia... usinia... usinia..." kwenye "che" hafiki.

Shangazi kafuta mdomo, kachukua kanga yake, kasema kwa upole, "Ijumaa narudi, mwanangu. Nataka kumsikia mpaka mwisho."

Haya, Makame. Haya, Bi Mwanaisha. Chaguaneni. Ijumaa mmoja wenu atakuwa pwani anamngoja, amwambie kwa mdomo wake kuwa santuri ndiyo imeharibika. Mie siendi.