Goti la Thubron na Kurasa za Alfajiri

Jumatatu, 10 Januari 1983
Nimeamka gizani. Pazia nimefunga, rimoti mkononi, ukurasa wa hali ya hewa kwenye kioo cha televisheni: kwetu Durham, mvua kuanzia mchana. Nikatoka uchochoroni nikichechemea vizuri kabisa. Leo siku ya kufua, kamba zimevuka uchochoro mzima. Nikamwambia Bi Hilda Stobbart, mjane wa nyumba ya mkabala, kwamba goti langu lililoumia mgodini linahisi mvua, linataka mashuka yaingie ndani mapema. Cuthbert Raine, jirani na mshindani wangu, akagonga kipimahewa chake cha ukutani, akatangaza siku kavu. Kavu! Saa ya chakula suruali zake ndefu za ndani zililowa chapachapa mbele ya mtaa mzima. Bi Hilda kaniletea pai ya nyama, ya moto. Hakuna anayejua kwamba televisheni yangu ya kukodi ina kurasa za maandishi, habari na hali ya hewa za kusoma saa yoyote. Na hakuna atakayejua.

Jumatano, 12 Januari
Nimekwisha! Gazeti linasema kuanzia Jumatatu televisheni itaanza alfajiri. Na kabla ya vipindi wataonyesha kurasa zile zile kwa kila mtu, hata mwenye televisheni kuukuu! Klabuni Raine akauliza kwa sauti kama hali ya hewa nayo imo. Bia ikanipalia.

Tena Jumatatu hiyo hiyo ndiyo Bi Hilda ameahidi kunijibu kama atakubali nimuoe. Akimkumbuka marehemu mumewe Alf, aliyemficha habari za kamari ya mbio za mbwa miaka yote ya ndoa, hugongesha sufuria. Ameniambia wazi kwamba mwanamume mwingine akimdanganya, atamtupia nguo zake uchochoroni. Sijala. Goti linauma kweli, safari hii kwa woga.

Ijumaa, 14 Januari
Mbinu. Nikamwonya Bi Hilda kwamba televisheni ya alfajiri huharibu macho. Akajibu daktari ameyasifu macho yake juzi tu, na kwamba amekwisha nunua mkate na jemu ya kula mbele ya televisheni. Raine, akipita, akaniuliza mbona natokwa jasho kwenye baridi hii. Nikamwambia aangalie suruali zake.

Jumapili, 16 Januari
Chakula kwa Bi Hilda. Nyama ya kuoka, mchuzi mzito, yeye kavaa bangili. Alipokwenda kuosha vyombo nikapiga magoti nyuma ya televisheni, nikafungua plagi, nikachomoa fyuzi. Mfukoni! Nikarudi kitini kwa kunyata kama mwizi. Mimi ni mwizi, kwa kweli.

Nikasahau nyimbo za kanisa za jioni kwenye televisheni! Hazikosi hata wiki moja. Ndizo alizokuwa akiziimba na Alf. Kabonyeza, kimya. Kabonyeza tena. Akakaa, akalia kimyakimya, na mimi fyuzi inanichoma pajani nikimpapasa bega. Akaitwa Raine, akaja na bisibisi, akafungua plagi, akasema fyuzi haikuungua, haipo kabisa, na yeye hajapata kuona fyuzi yenye miguu. Akatia nyingine. Nyimbo zilikuwa zimekwisha. Bi Hilda akautazama mkono wangu mfukoni.

Jumatatu, 17 Januari
Kulikuwa bado giza nilipobisha kwake, eti nimsaidie na kamba za nguo. Nia yangu nisimame mbele ya kioo. Akanisogeza kwa kijiko. Muziki laini, kurasa zikapita: habari, bei za nyama, kisha ramani ya mvua. Nikafumba macho kungoja nguo zangu uchochoroni.

Akasema nikae, nile mkate. Akasema ya goti ameyajua tangu Oktoba! Pazia langu jembamba kama ganda la kitunguu, na kila alfajiri huona herufi za kijani zikimeta. Akasema, “Mzee mzima unaamka gizani kwa ajili ya mashuka yangu, we Norman Thubron. Nilikuwa nacheka peke yangu kitandani. Jibu langu lilikuwa ndiyo.”

Lilikuwa!

Kisha akanyoosha mkono, akataka fyuzi yake. Nikampa. Ilikuwa na joto la mfuko. Akasema goti lilikuwa mchezo, lakini jana nilikaa nikamtazama akilia, nikampapasa bega, huku dawa ya kilio iko mfukoni mwangu. Alf naye alikuwa akimpapasa hivyo hivyo. Akanifungulia mlango. Nje Raine alikuwa anamfungia kamba za nguo.

Jumanne, 18 Januari
Sijalala. Nimelia kidogo, sioni aibu kuandika. Mwanamke yule alikuwa tayari kunipenda pamoja na uongo wangu wote, nami nikampoteza. Nimefikiri sana nilipokosea, nimepata. Fyuzi! Mtu yeyote mwenye bisibisi anarudisha fyuzi. Ningekata waya wa antena, juu kule darini, na Raine anaogopa ngazi.