Mashavu ya Maan

Jumapili, 2 Novemba 2025

Zabuni imefika hatua ya mwisho. Serikali inataka maziwa ya kopo kwa watoto wachanga wenye uzito mdogo ambao mama zao hawawezi kunyonyesha. Tumebaki wasambazaji wawili: sisi na kampuni ya Muatasim. Muatasim ana ghorofa tatu. Sisi tuna vyumba viwili mtaa wa Khuwair ya Kusini, juu ya duka la mapazia. Bosi wangu, Bi Atheer, kasema kwa upole kwamba tukikosa hii narudi ghalani kupanga katoni. Upole wake ndio unaonitisha.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata wazo. Noof, binti wa kaka yangu, yuko Ansab na mwanawe wa miezi saba, Maan. Mashavu hayaelezeki. Mapaja yana mikunjo minne kila moja. Nimemwomba aje naye mbele ya kamati, akae nyuma yangu, asiseme kitu. Kamati ikimwona itadhani yenyewe kwamba kanona kwa maziwa yetu. Noof kauliza, "Ami, hii halali kweli?" Nimemjibu kwamba kukaa kwenye kiti hakujakatazwa na mtu.

Jumatano, 5 Novemba

Aibu tupu. Mwenyekiti wa kamati, Dokta Khawla, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. Kurasa tisini za maombi yetu kazisoma zote. Anazitaja kwa namba bila kutazama. Kisha akamwona Maan, akatabasamu, akauliza mtoto anakunywa maziwa gani.

"Yangu, daktari," Noof akasema. "Ya kopo hajapata kuyaonja."

Muatasim akakohoa kwenye leso muda mrefu. Dokta hakunigombeza. Alisema tu kwamba kutangaza maziwa kwa kutumia watoto ni marufuku, akaandika kitu, akatutaka wasambazaji sote kesho twende wodini tukawaone watakaoyanywa.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui niandike vipi. Tulinawa mpaka viwikoni. Ndani ya sanduku la kioo alilala msichana wa siku kumi na moja, aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Kiganja chake kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu. Muuguzi alimlisha kwa bomba la sindano. Tone. Akangoja. Tone. Mtoto akameza, na sote tukamwona akimeza. Muatasim, ambaye sijapata kumwona kanyamaza, alinong'ona "Subhanallah". Miaka tisa nauza maziwa, sikujua yanakwenda wapi.

Kwenye gari nimeapa. Ujanja basi.

Jumapili, 9 Novemba

Muatasim kapata zabuni. Maziwa yake yanawafaa zaidi wadogo wale; Dokta Khawla kaeleza sababu na nimeielewa. Nimempa Muatasim mkono, na kwa mara ya kwanza sikuubana. Bi Atheer kanipa wiki moja nilete zabuni nyingine, la sivyo ghalani.

Jumanne, 11 Novemba

Bado namwona yule msichana akimeza.

Asubuhi imetoka zabuni nyingine: uji wa lishe kwa wazee. Nimempigia shangazi Sayyida. Ana miaka themanini na mbili, anapanda ngazi bila kushika ukuta. Nimemweleza kwamba uji wetu ndio uliomweka hivyo.

"Mwanangu," kasema, "uji huo nnausikia leo."

Nimemwambia hakuna haraka. Kamati inakaa Alhamisi.