Kamati ya Kudhibiti Nukta

Idara yetu inatangaza kwa fahari kubwa kwamba tishio la nukta sasa limedhibitiwa. Nasema haya nikiwa katibu wa Kamati.

Chanzo ni mama mmoja fundi cherehani. Kibali chake cha duka kilikwama kwetu miezi minane, akakitafuta kwenye tovuti yetu. Mwishoni mwa anwani ya faili akaandika nukta mbili na mkwaju (../), alama zinazoiambia kompyuta: rudi folda moja nyuma. Kompyuta ikatii. Mama akatoka folda ya umma, akajikuta kwenye folda ya Mkurugenzi.

Alitupigia simu mwenyewe. "Jamani, mlango wenu uko wazi. Hata vyeti vya hospitali vya wafanyakazi vimo humo. Sikusoma, lakini wengine watasoma."

Mkurugenzi alisaini kibali siku ileile ili mama anyamaze, kisha akaunda Kamati. Tulikaa vikao tisa.

Binti yetu wa programu, tunayemwita Kimya, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, ni mistari mitatu tu. Programu iangalie kwanza njia inaishia wapi. Ikiishia nje ya folda ya umma, ikatae."

"Mistari mitatu?" Mkurugenzi alishtuka. "Na wajumbe kumi na wanne tuwapeleke wapi?"

Tukaazimia programu ifute nukta mbili na mkwaju popote itakapozikuta.

"Mtu ataziandika mara mbili, moja ndani ya nyingine," Kimya alisema. "Ukifuta za ndani, za nje zinaungana."

"Binti, una mawazo mabaya."

Siku ya uzinduzi Waziri alikuja. Mkurugenzi akamwita yule mama ajaribu tena, aumbuke mbele za watu. Mama akaandika mara mbili, moja ndani ya nyingine. Kwenye skrini kubwa ukutani ikatokea barua: "Pongezi za Hiari za Wafanyakazi kwa Mkurugenzi Wetu Mpendwa." Rasimu ya saba. Mwandishi: Mkurugenzi.

Waziri alicheka hadi akafuta machozi. "Mama, hebu rudi nyuma folda moja tena!"

"Una uhakika, Mheshimiwa?"

"Rudi, mama, rudi!"

Akarudi. Ikafunguka folda ya Waziri: "Udhuru wa Kuugua Ghafla," barua kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, tarehe zimeshajazwa. Ya mwezi huu ilikuwa ya kesho.

Ukumbi ukanyamaza, isipokuwa Kimya, aliyekohoa kidogo.

"Binti," Waziri alisema kwa sauti ndogo, "hiyo kazi yako inachukua muda gani?"

"Dakika kumi."

Waziri akaomba karatasi ya idhini, akaitia saini palepale, mgongoni mwa Mkurugenzi, maana meza ilikuwa mbali.