Mughwai Si Mtu Hadi Saa Kumi na Mbili Jioni

Machi ya mwaka sabini na tano, Kamati ya Kuigiza Ndege Isiyo na Rubani iliwatangazia wanakijiji wote kwamba kijiji kimeingia angani. Watu wakapiga makofi, kisha wakatazama juu. Hapakuwa na kitu.

Waraka ulitoka mjini. Wakubwa walifikiria kununua ndege isiyo na rubani ya kufukuza kwelea, vile vindege vinavyomaliza shamba la uwele kabla mwenyewe hajanawa uso. Ila kwanza antena yake "ifanyiwe majaribio ya kuigiza." Ndugu Nathanaeli, katibu wa kamati, kuigiza alikujua vizuri: shuleni aliwahi kuigiza Mjerumani. Akatafuta wa kuigiza ndege, akamkamata Mughwai kwa sababu ya miguu yake mirefu.

Mughwai alikuwa na ekari moja ya uwele unaoiva, na hiyo ndiyo iliyokuwa chakula chote cha nyumba yake. Mkewe, Dorkas, alikuwa na siku nne tangu ajifungue.

"Ndugu katibu, nikiwa ndege, nani atafukuza kwelea shambani kwangu?"

"Ndege itawafukuza."

"Ndege si ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe. Lakini bado uko kwenye majaribio."

Kikazuka kikwazo: ndege hiyo haitakiwi kuwa na mtu. Kamati ikakaa kutwa, ikapiga mhuri: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Ndugu Mughwai si mtu.

"Na usiku?" Dorkas akauliza.

"Usiku haumo katika waraka."

Mughwai akafungwa mabawa ya matete, redio koli kiunoni na antena ya spoku za baiskeli. Katibu alikaa kivulini na redio ya pili, akiamuru: "Ndege, kata kushoto!" Antena ikiwa kichwani, amri zilifika. Ikiwa mgongoni, ndege ikigeuka tu, mwili unaziba, haisikii kitu. Ikiwa tumboni, ndege ilicheka. Yote yaliandikwa.

Siku ya tisa kwelea wakapita, wanaelekea shambani kwake. Mughwai akachomoka mbio.

"Ndege, rudi kaskazini! Ukitoka kwenye njia nakuandika mpinga maendeleo!"

Antena ilikuwa kichwani. Alisikia kila neno. Akarudi. Nusu ekari ikaliwa.

Kwa sheria ya kijiji, shamba likiliwa kwa uzembe lazima mtu ajibu barazani. Aliyeshtaki alikuwa katibu mwenyewe.

"Shikamoo, mwenyekiti," Mughwai akasema.

"Marahaba. Ulikuwa wapi, Mughwai?" akauliza mzee Filipo, mwenyekiti.

"Mimi sikuwepo, mzee. Karatasi hii hapa."

Filipo akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Katibu, mhuri huu wa kwako?"

"Wa kwangu, mwenyekiti."

"Basi ndege hatuishtaki. Anajibu aliyekuwa akiiendesha. Alikuwa nani?"

Baraza zima likageuka. Katibu akaitazama redio mkononi mwake kana kwamba imeota pale.

"Utalinda nusu iliyobaki mpaka ivunwe," Filipo akasema.

"Mwenyekiti! Mimi ni mtu wa ofisi!"

"Vizuri sana. Shamba linataka mtu."

Kesho yake ndugu Nathanaeli alikuwa juu ya dungu katikati ya uwele, anapiga debe na kurusha mawe kwa kombeo. Jua lilipofika utosini Dorkas akapita, mtoto mgongoni.

"Dada," katibu akaita, sauti imekauka, "chakula cha mchana huwa saa ngapi?"

"Waulize wale, ndugu," Dorkas akasema, akionyesha wingu jeusi lililokuwa linakuja, linapiga kelele, kutoka upande wa Itigi.