Vali ya Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 3 Juni

Chuo hiki cha serikali kilikuwa kinaelekea kubaya kabla sijajiunga. Sasa kina mimi. Darasa zima la mabomba hakuna mwenye mvi kunishinda, hata Mwalimu, na mvi ni cheti tosha. Nimewasimulia vijana nilivyowahi kuzuia mto kwa goti huku nakunywa chai. Mmoja akauliza chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi. Huyo ndiye wanayemwita Profesa, kijana mwembamba, kalamu tele mfukoni, kila swali mkono juu. Simpendi!

Mwalimu ametangaza mtihani wa vitendo, Ijumaa. Wawili wawili, kila jozi na kipande chake cha ukuta karakanani. Vuta bomba, funga sinki, funga koki. Maji yakifunguliwa pakavuja hata tone, jozi nzima inarudi nyumbani. Nimepangwa na mpwa wangu, binti wa dada. Kasema afadhali angepangwa na ndoo.

Jumanne, 4 Juni

Tumefunga bomba. Sehemu yetu ndiyo ya kwanza kushoto, mahali pa heshima. Nimemweleza mpwa kwamba ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba ni wa waoga. Mimi nakaza kwa spana na kwa jina langu. Akasema, Mjomba, nimekiomba chuo hiki mpaka nikachoka kuomba, nikirudishwa sasa ndiyo basi tena, kwa hiyo nakusihi, zungusha utepe. Nikazungusha. Kidogo. Kumridhisha tu.

Wenzangu walipoondoka nikafungua maji kujaribu. Kiungo cha chini ya sinki kikatoa chozi. Likafuata jingine. Kisha kikalia kama kimefiwa! Nikafunga maji, nikakausha kwa shati. Sijamwambia mtu. Mpwa angepata presha bure.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda ofisini kwa Mwalimu na pendekezo la kisomi: sisi watu wazima tupimwe kwa mazungumzo. Nikamwita Mwalimu “binti yangu”, kwa upole. Akasema yeye ni binti wa baba yake, hapa ni Mwalimu, na mwanafunzi akiingia karakanani huvaa buti. Nilikuwa na kandambili. Vijana waliokuwa dirishani walicheka mpaka wakakaa chini. Profesa alicheka na kikohozi juu.

Sawa. Nimepata jingine! Nyuma ya ule ukuta kila jozi ina vali yake ndogo ya kupunguza maji. Nikiibana yetu, maji yatakuja kinyonge, kiungo kitatulia, tunapita. Akili hii sijui niliitoa wapi. Shule niliiacha mapema, labda ndiyo maana haikuharibika.

Alhamisi, 6 Juni

Wakati wa chakula, karakana tupu. Nikajipenyeza nyuma ya ukuta. Giza, maji sakafuni, utando wa buibui mdomoni. Yetu ni ya kwanza kushoto. Nikaishika ya kwanza kushoto, nikaibana mpaka ikabaki pumzi tu. Kazi safi!

Mlangoni nikagongana na mpwa anaingia na spana. Akauliza natafuta nini. Nikasema upepo. Nikamuuliza na yeye je, akasema na yeye upepo.

Ijumaa, 7 Juni

Kuna jambo vitabu vinawaficha watu: ukizunguka nyuma ya ukuta, kushoto kunahama. Nimeligundua leo, darasa zima likiwepo.

Mwalimu alifungua maji. Kule mwisho, kulia kabisa, kwenye sinki la Profesa, koki ikatoa uzi mwembamba, kama mtu anayekojoa kwa woga. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema bomba lisilopitisha maji nalo limeanguka, akashika kalamu. Profesa akasema ameangalia kila kitu, jamani, kila kitu! Mdomo ukaanza kumcheza.

Kwetu maji yalikuja kama yamekimbizwa na mbwa. Nikafumba macho nisubiri mvua. Kimya. Nikafumbua. Kiungo kikavu!

Tulishapita. Ningenyamaza na dunia ingeendelea. Lakini yule mtoto alikuwa anajifuta uso kwa mkono uliojaa wino, na mimi roho yangu ni ya ovyo, haivumilii. Nikapiga kifua. Mwalimu, subiri, nasikia maji yanateseka! Nikazunguka nyuma, nikatega sikio kwenye bomba kama daktari, nikafungua vali. Maji yakaruka mpaka kwenye koti la Mwalimu. Makofi! Profesa akanikumbatia, akaniita mzee wangu.

Mwalimu akauliza nilijuaje. Nikasema kipaji. Akanitazama kandambili, akanitazama uso, akasema kuanzia leo kipaji hicho kikae mbele ya ukuta.

Nje mpwa akaninong'oneza. Kumbe jana alikifungua kile kiungo, akakizungushia utepe upya. Na nyayo za kandambili kule nyuma aliziona. Nikamwambia kiungo nilimwachia kwa makusudi, ajifunze kujitegemea. Akasema, Mjomba wewe! Akacheka mpaka akaniegemea begani.

Dada nimempigia. Nimemwambia nimeokoa jozi mbili kwa mkono mmoja.

Jumamosi, 8 Juni

Majina yamebandikwa. Sisi tumo. Profesa yumo.

Muhula ujao mtihani ni wa nadharia, wa kuandika. Profesa sasa ananiamini kama mzazi, na nimeshamchagulia kiti: mbele yangu, pembeni kidogo, ule mgongo wake mwembamba usinizibie karatasi yake. Mpango hauna dosari hata moja.

Na kwa kuwa hapa hasomi mtu, niseme hili. Kabla ya leo sikuwahi kuliona jina langu kwenye ukuta wa waliofaulu. Nililisoma, nikalisoma tena kwa kidole, nikaenda chooni, nikalia mpaka mfanya usafi akagonga mlango kuuliza kama kuna bomba limepasuka. Nikamjibu asihofu, fundi yupo.